Mteja wa Jumamosi

Tulimwita Mama Moshi. Jina hilo alipewa na watoto wa shule alikokuwa mpishi, kwa sababu kila alipotoka jikoni alitoka na wingu lake, macho mekundu, akijifuta pua kwa ncha ya aproni. Alipika humo ujana wake wote. Mimi nilipomfahamu, kifua chake kilikuwa tayari kinapiga filimbi, na mwenyewe alikitania: "Nyamazeni, redio yangu imeanza."

Ndiye aliyeanzisha kikundi chetu. Hakulipwa hata nauli, na sisi vivyo hivyo. Tulifinyanga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, tukagandamiza maranda ya mbao na karatasi chakavu kuwa vibonge vya kuwashia badala ya mkaa, na mvua zikikaribia tulipanda miti kwenye mteremko ulio juu ya mtaa. Watu walikuwa wameukata ule mteremko hadi ukabaki kipara, halafu wakashangaa matope yanavyowaingilia vyumbani. Fundi, mwashi mstaafu mwenye maneno makali, ndiye aliyetufundisha kufinyanga. Mimi ni msusi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa maneno. Kichwa kikishafika mikononi mwangu, nusu kimesukwa, nusu timtimu, hakina pa kukimbilia; mwenye nacho atasikiliza habari za moshi na mvua mpaka mwisho. Nimewaongoa wengi kwa njia hiyo, ingawa wawili watatu wamehamia saluni nyingine.

Kazi kubwa kuliko zote aliifanya Mama Moshi mwenyewe: aliishawishi shule yake iache mkaa. Tukawajengea jiko kubwa la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Siku lilipowashwa, watoto walijazana dirishani kwa wasiwasi. Hawakuona moshi, wakadhani hakuna chakula. Mama Moshi alicheka mpaka akashika ukuta.

Tulishangilia sana. Tatizo ni kwamba aliyekuwa akiiuzia shule mkaa alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja, tena zaidi ya mdogo. Mama yao alifariki yule mvulana angali ananyonya, na dada mtu, naye binti tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Alipokua alifungua kibanda cha mkaa njia panda, na shule ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Shule ilipoacha, migahawa nayo ikafuata mkumbo. Akaja kwenye mkutano wetu, pale saluni kwangu, akasimama mlangoni.

"Dada, umenikata mkono."

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Njoo ufanye kazi na sisi. Hivi vibonge vinataka mtu wa kuviuza."

"Hizo karatasi zilizotafunwa nitamuuzia nani? Mimi nina watoto, dada."

"Na mimi nina kifua. Hao watoto watalala wapi mlima ukishateremka wote?"

Alitutazama mmoja mmoja, na mikono yetu yenye udongo. "Haya," akasema. "Miti ina dada. Mimi sina."

Tangu siku ile hawakusalimiana. Mama Moshi alinipa bahasha nimpelekee. Ikarudi vilevile, haijafunguliwa, na salamu kwamba yeye si ombaomba wa kikundi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami nikachukua vitana vyangu nikasuke.

Lakini njia panda ndiyo njia yangu ya kwenda kazini, na mdomo wangu haujui kukaa kimya. Siku moja nilimuuliza yule mdogo mtu biashara inakwendaje. Akajibu huku ameniangalia pembeni: "Mwambie mwenyekiti wenu sijafa. Nina mteja wa Jumamosi. Mvua ije jua liwake, anamtuma Kimya na mkokoteni. Hata simjui. Huyo ndiye ndugu."

Kimya alikuwa msukuma mkokoteni wa mtaani kwetu, na jina lilimkaa sawasawa. Maneno yale niliyafikisha kwa Mama Moshi yangali ya moto, maana nilitaka yamchome kidogo, labda aende wapatane. Nilimkuta uani analainisha jiko bichi. "Basi ana bahati," akasema, akaendelea kulainisha mahali palipokuwa tayari laini.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na chumba kilichofungwa kufuli. Tulimtania kwamba amemficha bwana humo.

"Ndiyo," alijibu. "Mweusi tii, tena halalamiki. Si kama hao wenu."

Tulicheka mpaka fundi akadondosha udongo aliokuwa ameubeba.

Kifua kilimshinda kwenye msimu wa mvua. Daktari alisema ni moshi wa miaka mingi. Jiko lisilo na moshi lilikuja mapafu yakiwa yameshakwisha. Nilikaa naye wodini. Aliniuliza kama miche ya mlimani imeshika, nikamwambia imeshika. Akapumzika. Kisha akauliza, "Na pale njia panda, mzigo unatoka?"

Nilidhani bado anapima ushindi wetu. Nikamwambia kwa fahari, "Hautoki, mama. Magunia yamelala pale pale."

Akageukia ukutani. Hakuongea tena na mimi siku ile, na siku ya pili hakuamka.

Mdogo wake alikuja makaburini. Alisimama nyuma ya watu wote, zamu yake ilipofika akatupa udongo, akaondoka bila kumpa mtu mkono. Macho makavu kabisa. Nilimchukia siku ile, sitaficha.

Jumamosi iliyofuata mwenye nyumba alitaka vyumba vyake, tukaenda kuhamisha vitu. Kimya alileta mkokoteni. Ufunguo wa chumba cha nyuma haukuonekana, fundi akavunja kufuli.

Yalikuwa magunia ya mkaa, yamepangwa toka sakafuni hadi darini, na pamebaki upenyo wa mtu mmoja kupita kiubavu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alisema. "Sisi tunapanda huku, mwenyekiti ananunua iliyochomwa. Tutaficha wapi nyuso zetu?"

Nilimwambia afunge mdomo wake. Ndipo tukasikia mtu anaita nje.

"Kimya! Gunia liko mlangoni tangu asubuhi. Mteja wangu amehama?"

Alikuwa mdogo mtu, ameuona mkokoteni nje. Kimya alisogea tu pembeni, akamwachia mlango.

Watu wote wa mtaani wanayajua magunia yake. Anayashona mdomo kwa kamba ya buluu, na mwishoni anaifunga kitanzi, kama mtoto anavyofunga kiatu cha shule. Aliingia kwenye ule upenyo, akawa anagusa vitanzi vile kimoja baada ya kingine. Vya juu bado vilikuwa buluu. Vya chini vilikuwa vimefifia hadi kuwa vyeupe.

"Hakufungua hata moja," akasema. Akamgeukia Kimya. "Kwa nini hukuniambia?"

Sijawahi kumsikia Kimya akisema maneno mengi namna ile. "Alinikataza. Alisema ukijua utakataa kuuza, na watoto watalala njaa. Nikamwambia, mama, basi tuuze kwingine upate chochote. Akasema hawezi kuuza kitu anachowakataza watu."

Mdogo mtu alikaa juu ya gunia. "Nilikuwa namngoja," akasema. "Nilijiambia, akija hata mara moja tu, nitamsamehe. Kumbe alikuwa anakuja kila Jumamosi." Akalia kwa sauti, na fundi akavua kofia.

Mama Moshi alikosea. Nitasema hivyo hata mbele ya kaburi lake. Kila gunia lile lilikuwa miti, na miti ile ilikuwa imeshika udongo wa mtaa wa watu wengine. Alilijua hilo kuliko sisi sote, ndiye aliyetufundisha. Alimlisha mdogo wake kwa kile kile kilichokuwa kikimuua yeye, halafu anatucheka eti ana bwana mweusi. Nina hasira naye, na mbaya zaidi hayupo nimgombeze.

Mkaa ule bado umo. Mdogo mtu hataki kuuuza, hataki uwashwe, na kodi ya chumba anailipa yeye, kwa kuuza mkaa mwingine, maana kazi nyingine hajapata. Vibonge vyetu bado hataki kuvisikia. Ufunguo wa kufuli jipya ninao mimi. Kila Jumamosi anaupitia saluni, anakwenda kukaa humo peke yake, kisha anaurudisha, suruali yake imekuwa nyeusi nyuma kwa vumbi la mkaa.

Jumamosi iliyopita hakuondoka mara moja. Alisimama nyuma ya kiti, akawa ananitazama kwenye kioo.

"Dada kule hospitali," akasema, "aliwahi kuniulizia?"

"Aliuliza kama mzigo wako unatoka."

"Ukamjibu nini?"

Nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Mimi husema kweli hata nisipoulizwa, na wateja nimewapoteza kwa hilo.

"Nilimwambia unatoka," nikasema. "Kwamba magunia hayakai. Akafurahi, akalala."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. Akasema asante, dada, akachukua ufunguo akaenda.