Viti vya Mbele

Juzi, hapa Kakamega, nilimwona mzee akiwapigia makofi wasichana waliokuwa wakishindwa mpira wa kikapu, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, hewa ilinukia mvua na mahindi ya kuchoma. Timu ya dada yangu ilikuwa ikifungwa tena, na watazamaji waliondoka mmoja mmoja hadi tukabaki mimi na baba tu.

"Twende, baba," nikasema.

"Tulia, mama," akanibembeleza. "Timu inajengwa."

Nikatafuta matofali kwa macho, mpira ukidunda taratibu hadi nikasinzia.

Mwishowe dada alitujia akilia. "Sichezi tena."

Baba akamfunika koti lake. "Jumamosi tutakuja mapema, tupate viti vya mbele."

Dada akacheka katikati ya machozi, na Jumamosi akacheza. Mimi nilitangulia mbio kuwawahi watu, kumbe viti vyote vilikuwa vyetu.