Makofi ya Bibi

Kwa wiki mbili nililisomea ziwa maneno ya bi harusi wa igizo la shule. Jioni nilitoka kwa shangazi yangu, mtaa wa Buzebazeba, nikapita kwenye dagaa walioanikwa, nikasimama maji yakinifika vifundoni. Yalikuwa maneno mengi: bi harusi anaingia kwa mama mkwe asubuhi ya kwanza, anamsalimia, kisha anaeleza kwa nini anataka kuendelea na masomo. Siku zisizo na ukungu milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, nami niliihesabu kama wazazi waliokaa kunisikiliza. Nilikuwa kidato cha tatu, mtoto wa kijijini Simbo, na darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Siku ya wazazi mama angekuja. Nilitaka, angalau mara moja, anisikie mbele za watu.

Usaili wa igizo ulifanyika Jumamosi asubuhi, bwaloni. Shule yetu ilikuwa karibu na maji, na mwanga wa ziwa ulipita madirishani ukachezacheza darini. Mwalimu wa fasihi, mama mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikaa kwenye kiti cha plastiki akawa mama mkwe. Aliyenitangulia alikuwa binti wa afisa wa serikali, mgeni kutoka Dodoma, mwenye sauti ya kufika mpaka jikoni. Akasema, "Shikamoo mama," akayamaliza maneno yote bila kukwama. Nilimchukia papo hapo.

Nikaitwa. Nilibeba kapu, nikavuka mlango uliochorwa kwa chaki sakafuni. Sijui nini kilinipata. Nilimwona mama mtu mzima ameketi, ni asubuhi, na mwili wangu ukaenda Simbo bila kuniaga. Nikaweka kapu chini, nikachuchumaa, nikaanza kumpigia makofi ya taratibu kama bibi alivyonifundisha. "Mwakeye," nikasema, salamu yetu ya asubuhi. Kwa bibi yangu, ukishaanza huachi, wala huinuki, mpaka mkubwa ajibu. Mwalimu hakulijua hilo. Alikuwa akisubiri niendelee, nami nilikuwa nikisubiri anijibu.

Basi nikapiga. Wenzangu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. "We, inuka basi!" mmoja akaninong'oneza. Sikuweza. Cha ajabu, sikuona hata aibu. Makofi yangu yalikuwa yameanza kupokezana na mawimbi ya nje, mwanga ukiyumba darini, na naamini ningekaa pale hadi adhuhuri nikiwa na raha zangu. Aliyenihurumia ni mpishi wa shule, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni. Aliweka ungo chini, akapiga makofi yake. "Mwakeye, mwana wanje," akaniitikia kama anayemjibu mwanawe.

Nikainuka. Nikafungua mdomo, na maneno ya wiki mbili hayakuwepo, hata moja.

"Umenifanya nijione mama mkwe kweli, mwanangu," mwalimu akasema. "Lakini bi harusi wetu lazima aongee."

Nafasi akapewa binti wa Dodoma. Mimi nikapewa kazi ya kumfundisha salamu ile ya makofi. Mwanzoni alipiga makofi kama anayeshangilia mpira. Nikamwambia kunja viganja, punguza, usikimbilie maneno, msubiri mtu. Alikuwa mwepesi kuelewa, tena mcheshi, akanikosesha hata sababu ya kuendelea kumchukia.

Siku ya wazazi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika ndala zake. Akachuchumaa, akapiga. Kabla mama mkwe hajafungua mdomo, bwalo zima likaitika: watu wa Simbo, wa Kidahwe, wazee na kina mama wenye watoto mgongoni, wote wakimpigia makofi ya kumpokea. Magoti yangu yakakunjika yenyewe, nikachuchumaa pale pale na ndala za mwenzangu. Nililia kidogo. Ilikuwa furaha, na wivu pia, siwezi kudanganya.

Jioni nilimsindikiza mama stendi.

"Yule bi harusi ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wa wageni, mama. Wametoka Dodoma."

"Hapana. Anasalimia kama bibi yako."

Nilitazama njia. Mama akasimama, akanishika mkono, akageuza kiganja changu na kukikunja kidogo, vile vile bibi alivyokuwa akikikunja.

"Basi nimekusikia," akasema.