Mnyororo wa Pikipiki ya Njano

Juzi Chimala nilimwona fundi akitoa kipuri kizima kwenye bajaji iliyokufa, kisha akafunga kile kibovu cha bajaji nyingine mahali pake ili nati zisipotee. Nikamkumbuka baba.

Kwetu Rujewa alitunza pikipiki mbili za magurudumu matatu, zenye matairi manene ya kupita kwenye tope la majaruba ya mpunga. Ile nyekundu ilimbeba nesi na sanduku lake la chanjo kwenda kwa wafugaji. Ile ya njano ilikwisha kufa, ikabaki ya kutoa vipuri, na kila alipong'oa kizima alifunga kibovu palepale. Mimi, binti yake mdogo, nilidhani ya njano ilikuwa hospitali, na vile vibovu vimelazwa. Basi kila jioni niliupaka mnyororo wake samli ya mama. Mama alimlaumu paka.

Mchana mmoja wa mvua, karakana ikinuka petroli na pumba mbichi, mnyororo wa nyekundu ulikatika.

"Fundi, watoto wananisubiri," nesi alisema.

Baba aliiendea ya njano bila matumaini, akijua atakuta kutu tupu. Mnyororo ukamteleza mikononi, laini, ukinukia samli.

"Nani kaugusa huu?"

"Mimi, baba. Umepona?"

Baba aliuchomoa ule mnyororo wa njano. Alikata vipande viwili, akaunga ule wa nyekundu, na nesi akaondoka akiturushia matope.

Leo najua samli ilizuia kutu tu. Lakini siku ile baba alifuta mikono taratibu, akanitazama.

"Mnyororo umepona, mama. Kesho anza na kabureta."