Klampu Iliyopakwa Mafuta

Watu wakiniuliza ni chombo gani cha kazi ninachokipenda zaidi, huwaambia spana kubwa ya mabomba, na hilo ni kweli. Niliinunua Kitengela miaka ya tisini, ikiwa imetumika, kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake arudi kwao. Taya la juu lilikuwa limekwisha meno upande mmoja. Nilipeleka likachongwa upya, na tangu hapo spana hiyo haijanisumbua. Lakini chombo ninachokitumia zaidi ni chaki. Kila ninapofunga kitu kitakachobeba uzito, nachora mstari mwembamba pale chuma kinapokutana na bomba, kisha nautazama. Mstari ukisogea, kazi inasimama.

Chombo ninachokiogopa ni klampu.

Klampu ni vipande viwili vya chuma kinene, vilivyokunjwa katikati ili vilikumbatie bomba, vikakazwa kwa bolti. Kazi yake ni kushika, basi. Ukitoa pampu kwenye kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine, huitoi pampu peke yake. Unatoa msururu wa mabomba ya chuma yaliyoungwa moja juu ya jingine, na pampu imening'inia chini kabisa. Unainua kwa winchi ya cheni iliyofungwa kwenye miguu mitatu ya chuma, unakaza klampu, klampu inakaa juu ya mdomo wa kisima, winchi inaachia, unafungua bomba la juu, unaanza tena. Wakati winchi imeachia, uzito wote uko kwenye klampu. Ikiteleza, vyote vinaenda chini, na kisima kinazibwa na vyuma vyake chenyewe. Nimekiona kisima kilichokufa hivyo. Wenyewe walikifunika kwa jiwe, na wakipita hapo hawakitazami.

Kazi hii sikufundishwa darasani. Nilitoka Ukambani nikiwa kijana, nikafika Kitengela kubeba mawe kwenye majengo. Mji ulikuwa unakua bila mpango. Kila aliyenunua ploti alitaka maji, na maji yalikuja kwa mikokoteni ya punda. Nikaanza kufuata watu wa visima, kwanza kuwashikia kamba, baadaye kuwauliza maswali hadi wakachoka nami. Baadaye nikapata kitabu cha pampu barabarani Nairobi, hakina jalada, kwa Kiingereza, nikakisoma na kamusi pembeni. Kitabu hicho kilinifundisha mengi. Pia kilinitia hofu, kwa sababu kilieleza kwa utulivu mkubwa kila njia ambayo kitu kinaweza kuharibika.

Mwenzangu kazini alikuwa mchomeleaji kutoka upande wa Murang'a, aliyekuja Kitengela kuuza viazi akaishia kutengeneza mageti. Pikapu ilikuwa yake, kwa hiyo na utani ulikuwa wake. Mimi aliniita injinia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kulikuwa na mwaka ambao mvua ndefu haikuja, na ile fupi ilinyunyiza tu vumbi. Siku moja alitujia mzee Mmaasai kutoka upande wa Kajiado, ndani kabisa, mbali na lami ya Isinya. Pampu ya kisima chao ilikuwa imenyamaza. Kisima kilikuwa chake na cha maboma ya jirani. Ng'ombe wenye nguvu walikuwa wakipelekwa kunywa mbali sana, ambako foleni ilikuwa ndefu na wenyeji wameanza kununa. Wasio na nguvu walibaki nyumbani, wakilia.

Tulipofika asubuhi tuliwasikia kabla hatujaona boma. Si mlio wa njaa. Ni sauti nzito inayoanza kwa mmoja, ikajibiwa na mwingine, halafu inakatika. Nilihesabu vyombo vyangu mara mbili nikishusha, na bado nilihisi nimesahau kimoja.

Jambo moja lilinitia wasiwasi tangu safarini. Miguu yetu mitatu ilikuwa mifupi, kwa sababu lazima ienee kwenye pikapu. Haikutosha kuinua bomba zima mara moja. Ingebidi tuinue nusu, tukaze klampu katikati ya bomba, tushushe ndoano, tuinue nusu iliyobaki. Klampu ikikaa chini ya soketi, pale mabomba yanapoungana, hata ikilegea soketi inaizuia. Katikati ya bomba hakuna soketi. Hapo ni mshiko tu, chuma kwa chuma, na vimeno vidogo nilivyovichonga mwenyewe kwa tupa.

Tulipokuwa tukisimamisha miguu, mama yake mzee yule, mwenye boma, alitoka nyumbani akiwa na kibuyu kidogo. Alikuwa mzee sana, anatembea polepole lakini wima. Nilimwinamia, nikamwamkia kwa Kimaa kama anavyoamkiwa bibi.

"Takwenya, kokoo."

"Iko," akaitikia.

Akazungumza Kimaa, na mwanawe akatafsiri. "Anauliza, kwa hizi vyuma zote, ni gani itashika maji yetu?"

Lilikuwa swali zuri. Wenye visima wengi huuliza lini tutamaliza. Nikainua klampu ya mdomo wa kisima kwa mikono miwili.

"Ni hii, kokoo. Hii ndiyo inashika kila kitu. Hii ikiachilia, hakuna kingine."

Tangu siku ile, nikiulizwa swali hilo naonyesha miguu mitatu, ambayo hata ukiipaka nini haidhuriki.

Kokoo akamimina kiganjani mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa. Akatupaka kwenye paji la uso, akatupaka na viganjani, mimi na mwenzangu, huku akiomba. Wanaume waliokuwa wamesimama na fimbo zao wakaitikia kila sentensi: "Naai." Nami nikaitikia. Kisha nikatazama chini na kuona ameichukua klampu. Anaipaka ndani. Alikuwa akiipaka vizuri kabisa, kwa kidole gumba, kimeno kwa kimeno, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta kwenye mikunjo ya shingo.

"Naai," wakasema wanaume.

Mwenzangu akanisogelea. "Injinia, imebarikiwa mpaka inang'aa."

"Itateleza."

"Najua itateleza. Lakini mimi nimelelewa na cucu, nyanya wa kanisa. Siwezi kupangusa baraka ya mtu. Pangusa wewe, umesoma."

Nikajifanya nina kazi nyingine. Nilikaza nati za miguu ambazo zilikuwa zimekazwa. Nilikagua cheni pingili kwa pingili. Ng'ombe wakalia, wakanyamaza. Nilijua mafuta ya kondoo hayakauki, na nilijua kwamba kila dakika niliyochelewa ilikuwa yao, si yangu. Nilijua pia kwamba watu wale walikuwa wameweka kisima chao mbele ya Mungu kupitia chuma kile, na mgeni kukipangusa mbele yao ni kama kuwaambia baraka yao haikubaliki. Nikipangusa kwa siri wataniona. Nisipopangusa, nitakuwa mtu aliyezika kisima chao kwa kuona haya.

Nikamwendea mwenye boma.

"Mzee, kuna shida na klampu."

"Imevunjika?"

"Hapana. Iko na mafuta."

Akaitazama, kisha akanitazama. "Hiyo ni mama ameweka."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo maneno umwambie mwenyewe. Mimi siwezi ambia mama yangu atoe baraka. Nitatafsiri tu."

Sikujua nianzie wapi kwa maneno, kwa hiyo nikachukua kipande cha bomba kilichobaki kwenye pikapu, nikakisimamisha juu ya jiwe, nikafunga klampu ile ile na kukaza bolti kwa nguvu zangu zote. Nikachora mstari wa chaki. Kokoo akainama kuutazama. Kisha nikaigonga klampu kwa nyundo, pigo moja la wastani. Ikashuka hadi kwenye jiwe, bila kelele. Mstari ukabaki juu peke yake.

Nikamwonyesha kisima. Nikamwonyesha klampu chini pale.

Kokoo aliitazama klampu kwa muda, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi, kutoka usoni hadi kwenye mikono yangu, ambayo ilikuwa inatetemeka kidogo na sikuweza kuizuia. Akasema maneno machache kwa mwanawe, akageuka, akaingia nyumbani kwake.

"Anasema utoe," mwanawe akasema.

"Amekasirika?"

"Anasema utoe."

Nikatoa. Nilitumia petroli, brashi ya waya, halafu jivu la jikoni, halafu ncha ya msumari kati ya vimeno. Hakuna aliyecheka, hata mwenzangu. Niliirudia kazi hiyo mara mbili, nikiwa nimeupa mlango wa kokoo mgongo.

Tukaanza. Mabomba ya kwanza yalipanda vizuri. Kwenye soketi sikuwa na hofu kubwa. Katikati ya bomba sikuondoa jicho kwenye mstari. Mwenzangu alikuwa kwenye cheni ya winchi, mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye mdomo wa kisima na chaki yangu.

Kisha, katikati ya bomba moja, nilikaza, nikachora mstari juu ya ukingo wa klampu, nikamwambia aachie taratibu. Akaachia. Nikatafuta mstari. Haukuwapo. Bomba lilikuwa linashuka ndani ya klampu, nao mstari ulikuwa umemezwa.

"Vuta," nikasema. "Vuta, vuta."

Akavuta cheni bila kuuliza. Uzito ukarudi juu. Klampu ilikuwa safi, nilikuwa na hakika. Nikalipapasa bomba, na ndipo nikayahisi: bomba ndilo lilikuwa na mafuta. Nikageuza viganja vyangu. Nilikuwa nimesafisha klampu kimeno kwa kimeno na kusahau mikono yangu mwenyewe, na tangu asubuhi nilikuwa nimelishika kila bomba mahali pale pale klampu inapokaa.

Mwenzangu akaitazama mikono yake pia. "Kwa hivyo sisi ndio tumebarikiwa kupita kiasi," akasema. Lakini sauti yake haikuwa na utani.

Mke wa mwenye boma aliona tunatafuta cha kunawia, akatuletea maji kwenye kikombe cha bati. Maji yale yalikuwa yameletwa mgongoni mwa punda kutoka mbali, na ndama walikuwa wakiyatazama. Nikamshukuru, nikamrudishia. Tukanawa kwa jivu na petroli hadi ngozi ikawaka. Kisha nikalisugua bomba, nikakaza upya, nikachora mstari mpya.

"Achia," nikasema.

Mstari ukabaki pale.

Pampu ilitoka mchana. Mota yake ilikuwa imeungua, na hilo tulikuwa tumelitarajia. Nyingine ilikuwa kwenye pikapu. Kushusha ni kazi ile ile kinyumenyume, na hofu ni ile ile, isipokuwa mikono imechoka zaidi. Kati ya bomba na bomba nilikuwa natazama mlango wa kokoo. Haukufunguka. Nilianza kuwaza kwamba hata maji yakitoka, nitakuwa nimeacha boma lile na jambo baya ambalo spana haiwezi kulirekebisha.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipowasha jenereta. Kwanza hewa ilitoka kwa kukohoa. Halafu maji mekundu ya kutu. Halafu hewa tena. Halafu maji yakaja mfululizo, ya kahawia, ya kijivu, mwisho meupe, yakaanza kujaza birika la kunyweshea. Ng'ombe waliyanusa kabla hayajafika. Vijana wakaanza kubishana ni mifugo ya boma lipi inywe kwanza, na mzee mmoja akawatenganisha kwa fimbo, bila kumgusa mtu.

Nilikuwa nikifunga bolti za mwisho mwenye boma aliposimama kando yangu. Sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Mzee, kokoo bado amekasirika?"

"Nani, mama? Mama amelala."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu hizi ng'ombe zianze kulia hajalala vizuri. Asubuhi ulipomwonyesha ile kitu na nyundo, akaniambia, huyu fundi ni mwoga sana. Hata mikono yake inaogopa. Ataangalia kisima yetu vizuri, wacha mimi nilale."

Mwenzangu akaketi kwenye ngazi ya pikapu akicheka hadi machozi yakamtoka.

"Na mbona hukuniambia, mzee?" nikauliza.

Mwenye boma alikuwa akiwatazama ng'ombe wake wakinywa, vichwa vimejipanga kando ya birika, na hakugeuka.

"Ningekuambia," akasema, "ungeacha kuogopa."