Vyuma kwenye Pindo

Dada yangu ni fundi wa mapazia, na ubishi alizaliwa nao. Alipopata saratani akaanza kutundikiwa dripu za dawa, nywele zilimtoka zote na hakulia. Kilichomliza ni mdomo.

Baada ya dripu ya pili vidonda vilimjaa ulimini, mashavuni, hadi kooni. Hata maji matupu yalimchoma. Nesi akatuelekeza asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, apige mswaki laini, uji aungoje upoe kabisa, na dripu inapoingia anyonye vipande vya barafu. Nilifuata kila kitu. Lakini nesi alikuwa ameongeza neno moja: "Akishuka chini ya kilo arobaini na tano, tutasimamisha dripu kwanza." Kwa dada, kusimamishiwa dawa kulikuwa ni kuandikiwa kifo.

Basi kila asubuhi nikawa namkalia na bakuli la uji. Kijiko cha kwanza, machozi. Cha pili, anausukuma mkono wangu. Mimi sina subira, sikufichi. Siku moja nilimjia juu: "Unataka nipandwe na presha hapa? Meza, bwana." Kusema kulimuuma, kwa hiyo akachukua karatasi yake ya vipimo vya madirisha akaandika: "Meza wewe." Tukacheka, na kule kucheka kukampasua mdomo, akatema damu kwenye kanga.

Cha ajabu, mizani haikushuka. Dripu ya tatu, kilo arobaini na sita. Ya nne, arobaini na sita vilevile, na mifupa ya mabega imemtoka.

Nilijua. Gauni lake refu la kwendea hospitali nililipiga pasi mwenyewe. Pindo lilikuwa zito, limejaa vile vyuma vidogo anavyoshonea chini ya mapazia ili yatulie, na kila safari vilikuwa vimeongezeka. Nikanyamaza. Mtu anapigania uhai wake, nimuumbue kwa lipi?

Siku ya dripu ya tano alipanda kwenye mizani, na pindo likaachia. Vyuma vikamwagika sakafuni, mbele ya foleni nzima. Maisha yake yote mshono wa dada haujawahi kufumuka, ila fundo la mwisho yeye hulikaza kwa meno, na mdomo ule haukuweza tena kukaza kitu.

Nesi aliviokota kimoja kimoja. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama, dawa tunaipima kwa uzito wako," alisema. "Mara mbili tumekutia dawa ya kilo ambazo huna, wakati ulitakiwa upumzike mdomo upone. Ndiyo maana unaungua hivi." Akapimwa tena. Kilo arobaini na moja. Dripu ikasimamishwa, na hakuna aliyetuambia itarudi lini.

Nyumbani nilimsukutulisha, nikapoza uji, nikashindwa kumtazama. Roho ilikuwa inanisuta. "Dada," nikasema, "vile vyuma nilivijua tangu mwanzo."

Alivuta karatasi yake ya vipimo, akaandika polepole, akanisogezea.

"Najua. Gauni nilikuwa nakupa wewe upige pasi ili unikataze."