Shangazi Alipolishika Gunia

Waliokuja kunitazama nikinyanyua magunia walisema nina moyo wa chuma. Sikuwabishia. Wao walitazama mikono. Hofu yangu ilikaa magotini, na magoti yalikuwa ndani ya kanga.

Baba alikuwa hamali kwenye matishari ya bandari ya Tanga. Siku moja robota la katani lilichomoka kwenye kamba likamwangukia kifuani. Mama alikwishatangulia, kwa homa ya uzazi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, basi nikaacha shule darasa la tatu, nikawachukua wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, tukarudi kwetu Pangani. Shoga wa mama alitupa jiko lake tulale humo. Nikapata kazi kwenye ghala la mbata, kuchambua nazi zilizokaushwa na kutupa zilizoota ukungu.

Kwetu mtu hajitwiki mzigo peke yake. Unainama, unamwita aliye karibu, "Nitwike," naye anakuja hata kama mmegombana jana. Ukifika unaita, "Nitue." Anayekupita ukiyumba na mzigo hasahauliki, atasemwa mpaka kaburini. Ndiyo maana siku mvua iliponyesha ghafla, mahamali wako msikitini na mbata ziko uani, sikuamini nilichofanya. Sikuwa na wa kumwita. Nikalikumbatia gunia, nikalipandisha mapajani, kisha begani, nikaingia nalo ndani. Nikarudia mpaka ua ukawa mtupu. Kila mara nilipolisikia limekaa begani, nilimwona baba chini ya robota.

Mahamali waliporudi walisimama mlangoni wakinitazama.

"Atakayemuoa huyu ajiandae," mmoja akasema. "Akimuudhi atawekwa juu ya dari!"

Wakacheka, lakini mnyapara wa ghala hakucheka. Kila sikukuu ya Idi maghala yalishindana kunyanyua magunia. Gunia hutoka chini hadi begani bila kutwikwa, nawe unasimama nalo mpaka mzee wa mizani aseme, "Tua!" Akisema, ndipo watu wanaruhusiwa kukusaidia. Walikuwa wanaume tu. Idi ile mnyapara akaniingiza mimi, na ghala jingine, kwa mzaha, likamleta mwanamke wao. Nikashinda. Idi iliyofuata walikuja wanawake wa mashamba ya chumvi, na wa katani, na mzaha ukaisha. Nikashinda tena. Wakaanza kuniita bingwa. Nami usiku wa kuamkia kila shindano nilishindwa kumeza hata uji.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Mkwaja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wanalala wapi watoto wa kaka yangu?"

Nikamwonyesha jiko. Akatazama mkeka, akatazama masizi ukutani.

"Nawachukua. Wewe ni mtu mzima, unaweza kukaa. Na hayo magunia yatakung'oa kizazi."

Nilimwomba asubiri Idi. Mnyapara alikuwa ameahidi kwamba mwanamke atakayeshinda safari hii atapewa chumba nyuma ya ghala, chenye mlango na dirisha.

"Ukikipata nitawaacha," akasema mbele ya shoga wa mama. "Usipokipata, kesho yake naondoka nao."

Wadogo zangu walisikia. Mdogo wa kike alianza kulala ameshika ncha ya kanga yangu.

Siku ya Idi tulibaki wawili, mimi na mwanamke mmoja wa shamba la katani, mrefu, mcheshi. Gunia lilikuwa limeongezwa jiwe la mizani ndani. Yeye alilifikisha begani, likamponyoka kabla ya neno.

"Lina mume humo ndani!" akasema, akajipangusa. "Haya dada, zamu yako, kamtoe."

Nikainama. Mapajani lilifika. Begani likafika, lakini lile jiwe likahama ndani ya gunia, na goti langu la kushoto likakunjika. Nikayumba. Nilisubiri "Tua" na haikuja. Nilichosikia ni sauti ya shangazi, "Mwanangu! Mwanangu!" na mikono yake ikalidaka gunia kwa chini. Tukalishusha pamoja.

Uwanja ukazomea. Mzee wa mizani akainua fimbo.

"Limeguswa. Halihesabiwi."

Shangazi alikuwa akitazama viganja vyake. Hakuwa na hila. Alikuwa ameona mtu wake anayumba na mzigo, akafanya alichofundishwa tangu utotoni.

Yule mwanamke wa katani ndiye aliyesema. "Mzee, shikamoo. Ungemwona binti yako anaanguka, ungesimama ukihesabu? Mwacheni arudie."

Mzee akafikiri. "Arudie sasa hivi. Au ashindwe."

Kibwebwe changu kilikuwa kimefunguka. Shangazi alinifungia.

"Ndio uzito wake huu?" akaninong'oneza. "Huu ndio unaobeba?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi acha. Twende nyumbani."

"Nikiacha utawachukua."

Akakaza fundo la kibwebwe, akarudi nyuma.

Nikainama tena. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Lilipofika begani sikumwona baba. Nilimwona shangazi, amesimama mbele ya watu wote, amezungusha kanga yake kwenye vifundo vya mikono na kuvuta ncha kwa meno ili asinikimbilie. Machozi yanamtoka, anatikisa kichwa, na hasogei. Goti likaanza. Nikamkazia macho yeye.

"Tua!"

Wa kwanza kunifikia alikuwa yeye, mikono ingali imefungwa, akalipokea gunia kwa kifua.

Alirudi Mkwaja peke yake. Sisi tukahamia chumba cha nyuma ya ghala, kilichonuka mbata mpaka kwenye mito, na mdogo wangu wa kike akawa anafungua dirisha na kulifunga siku nzima, bila sababu.

Baadaye nilinyanyua hata Tanga mjini, mbele ya watu nisiowajua, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke wa pwani ile aliyenishinda. Hofu haikupungua hata kidogo. Shangazi hakukosa hata shindano moja. Huja na gari la siku moja kabla, husimama mstari wa kwanza, na kabla sijainama humpa mdogo wangu wa kike kanga na kumnyooshea mikono.

"Nifunge," humwambia. "Kaza. Hapo bado hujakaza."