Matrida na Dagaa wa Mbalamwezi

Matrida wa hapa Bukima ameolewa zamani, lakini mume wake sisi majirani ndio tunaomjua vizuri.

Sababu ni dagaa. Mumewe, Clementi, huvua kisiwani kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina kazi, basi mbalamwezi ikiingia hurudi nyumbani. Siku hizo hizo dagaa huadimika, bei hupanda, na mwanamke mwenye akili aliyeweka magunia yake tangu wakati wa giza huyapeleka sokoni Bunda. Mume anaingia, mke anatoka. Matrida akirudi hukuta shati limefuliwa na kuanikwa, mwenyewe kashaondoka. Alikuwa akilinusa kabla ya kulianua. Nilimwona, nikajifanya sikuona.

Mwezi uliopita alichoka. Akauza magunia yote wakati wa giza, dagaa wamejaa hadi kunguru wanachagua, kwa bei ya kutupa.

“Mama Gody, unajiibia mwenyewe!” nilimfokea Matrida.

“Acha niibiwe. Miaka yote nimekuwaga mke wa shati.”

Clementi akaja. Jioni ile nilisikia kicheko cha watu wawili upande wa pili wa ua, nikaona wivu, nakiri.

Lakini wavuvi wote walikuwa wamerudi, mifuko imetuna, kila mmoja anataka unga, sukari na mafuta ya kula. Duka letu ni lile lile, na mzigo ni ule ule. Mwenye duka alipandisha bei asubuhi, akapandisha tena jioni, na watu bado wakapanga foleni. Sisi wengine tulishazoea, tunaagiza unga Bunda mapema. Matrida naye alikuwa akirudi nao kila mara, hivyo bei ya Bukima ya mbalamwezi hakuwahi kuijua. Hela ya magunia na ya Clementi ikayeyuka mkononi.

Siku ya tatu Clementi alichungulia debe la unga, akachukua begi lake. Kuna tajiri mmoja mwenye mitumbwi alikuwa anatafuta mtu wa kuvuta nyavu za sangara.

“Sangara hawasubirigi giza, Mama Gody,” alimwambia mkewe. “Tutakaa mwezi ujao.”

Nilimpelekea Matrida uji. Hakuugusa. Macho yake yalikuwa ziwani.

“Ningejua ningeenda Bunda,” alisema. “Kumkosa nilikuwa nimeshazoea. Sasa nimeshajua anavyocheka.”